Profesa Anazimia

Jumapili, Machi 9
Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo leo kompyuta yangu imezaliwa. Mwanamke akizaa, watu wanaandika siku. Mimi nimezaa chuma, basi na mimi naandika.

Nimeiunga mwenyewe hapa Nateete, juu ya kitanda, Kahambu mke wangu akishika tochi na kunicheka. Sanduku lake nimelitoa kwa ofisi moja iliyofungwa. Bodi na prosesa, ile akili yenyewe, nimepewa na Bienfait anayeuza vyuma vya kompyuta mjini, sababu nilimpigia video harusi ya dada yake. Skrini iko na mstari mwekundu pembeni, lakini mstari haumsumbui mtu. Kile chuma cha kupoza prosesa, chenye feni mgongoni, kimekuja na miguu minne ya plastiki, miwili imevunjika. Nimekifunga na mpira wa tairi, vile boda wanafunga magodoro, milango, mbuzi, na siku moja nimeona wamefunga jeneza. Kitu kikifungwa na mpira Kampala, kimefungwa.

Nikabonyeza. Ikawaka! Kahambu akapiga vigelegele mpaka jirani wetu Opio, ambaye ni polisi, akaja mbio na rungu.

"Nani amekamatwa?"

"Hakuna, afande. Mtoto amezaliwa."

Akaangalia ile sanduku, akaangalia mimi. "Anafanana na baba."

Nimempa jina Profesa. Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini kuanzia leo niko na Profesa ndani ya nyumba.

Jumatano, Machi 12
Profesa mzima. Amekula nyimbo mia mbili ninazowanakilia watu na hajajamba.

Jumamosi, Machi 15
Mama Victoire amepata tarehe.

Miaka kumi na moja anangoja kwenda Kanada kwa mtoto wake. Leo watu wa ofisi ya wakimbizi wamempigia simu: Mei 17. Alikuja kwetu na simu bado mkononi, hajui kama anacheka au analia. Sisi Wakongo wa hapa Nateete wote tumepita kwake. Mimi nilipofika kutoka Beni, nilikuwa na shati moja na jina la mtu ambaye alikuwa amehama. Mama Victoire akanitandikia mkeka jikoni kwake, akasema, "Lala hapo, usiguse maharage." Niligusa maharage. Alinipiga na mwiko, kesho yake akanipa maharage.

Na kwenye kwaya yetu ndiye anaanzisha. Hajui kusoma, nyimbo zote ziko kichwani. Yeye anaimba mstari, sisi tunajibu.

"Nitawaimbia nani huko?" akauliza. "Mtoto wangu ameoa mwanamke wa huko, hata kupiga makofi hajui."

Jioni Benedicte, mwenyekiti wa kwaya, akaita mkutano. Benedicte akiita mkutano, tayari ameamua. "Begi yake ina kilo zake, hatuwezi kumpa sufuria. Tutampa kwaya. Nyimbo sita, video, kwa dividi. Mumbere, weye na ile jokofu yako."

"Ni kompyuta, dada."

"Mei 17. Ukishindwa, na weye utapanda ile ndege, lakini kwa chini, kwa matairi."

Jumamosi, Machi 22
Tumepiga video kwenye ua letu. Asubuhi ilikuwa ni mazoezi tu, mimi kamera nikaiacha wazi kujaribu mwanga. Mchana ndiyo kazi yenyewe. Benedicte ametundika shuka la kijani kubwa, ili kompyuta itoe ule ukijani na kuweka kitu kingine nyuma. Ametaka nini nyuma? Maporomoko ya maji. Na njiwa. Na mlima wenye theluji. Na yeye mwenyewe atembee juu ya mawingu, polepole.

"Juu ya mawingu na viatu?"

"Viatu vya dhahabu, Mumbere. Sitembei mbinguni na kandambili."

Wote walivaa kitenge kimoja, nywele safi. Mama Victoire, aliyeambiwa ni video ya kanisa tu, aliimba amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Jumapili, Machi 30
Sisi wapiga video, mwisho wa kazi tunaita kupika: umepanga vipande vyote, unabonyeza, unangoja mashine iivishe video moja. Leo nimeweka wimbo wa kwanza jikoni, maporomoko, njiwa, kila kitu. Feni ikaanza kulia. Ikalia zaidi. Halafu skrini nyeusi, kimya. Profesa amezimia.

Nikagusa sanduku. Banange, ungeweka chapati hapo ingeiva pande zote mbili.

Jumatatu, Machi 31
Amezimia tena. Njiwa walikuwa hawajaruka.

Alhamisi, Aprili 3
Opio amekuja kufanya uchunguzi. Alikaa kwa stuli, kofia gotini.

"Anazimia akifanya nini?"

"Akipika."

"Na akikaa bure?"

"Akikaa bure anachelewa kidogo, lakini mwisho anazimia pia."

"Basi ni mvivu. Niko na vijana kumi hivyo pale stesheni."

Aliniambia nitoe memori, ile kadi ndogo, nisugue meno yake na raba ya kufutia penseli, alisikia kwa mtu. Nimesugua mpaka ikang'aa. Profesa akawaka, akapika maporomoko kidogo, akazimia. Opio akafunga jalada.

Jumapili, Aprili 6
Baada ya ibada Benedicte ameleta wamama watatu kuombea kompyuta. Waliweka mikono juu. Maombi sikatai. Chupa ya mafuta ya upako ndiyo nilikataa, nikasimama katikati na mikono yangu yote miwili.

"Unazuia uponyaji!"

"Nazuia moto, dada. Ombea kwa nje."

Wameombea kwa nje. Profesa amekaa vizuri saa nzima, Benedicte akaanza kunitazama kama shahidi mahakamani. Halafu Profesa akazimia. Benedicte amesema ni imani yangu ndogo.

Jumanne, Aprili 8
Nimefungua ubavu wa sanduku, nimetoa vumbi kwa brashi ya rangi. Nimeelekeza feni kubwa ya Opio ndani. Anazimia na upepo nyweleni.

Ijumaa, Aprili 11
Nimebeba flashi mpaka Wandegeya, kule kwa wanafunzi, kuna maduka ya kompyuta kama nyanya sokoni. Nilidhani nitakodi mashine ya mtu kwa siku moja. Duka la kwanza hawana programu. La pili wanayo, lakini wanafunzi wanachapa kazi za mwisho wa masomo, foleni inafika barabarani, kila mmoja anasema yake ni ya leo. Kijana mmoja msomi, mpole sana, akaniuliza prosesa yangu inafika joto gani. Nikamwambia inafika la kukaanga yai. Akasema, "Sasa mzee, hilo joto linabaki mahali. Kuna mahali halipiti." Tulikula rolexi pamoja, chapati yenye mayai ndani, akaniambia mengine mengi, nikaelewa mayai tu. Ila hilo neno limebaki: kuna mahali halipiti.

Jumatatu, Aprili 14
Amezimia.

Jumanne, Aprili 15
Amezimia. Kahambu anasema nimeanza kuongea na sanduku nikiwa nimelala. Nimeuliza nasema nini. "Unaliita mpenzi."

Jumamosi, Aprili 19
Mafuriko! Mvua tangu alfajiri, na Nateete mvua ikinyesha hivyo, mtaro hauombi ruhusa. Maji yameingia ndani mpaka kwenye mguu wa meza. Kahambu akashika unga, mimi nikamshika Profesa.

"Mumbere! Picha ya harusi yetu inaelea!"

"Ishike, mimi nina mikono miwili tu!"

"Umeshika sanduku, umeacha harusi!"

Nikamlaza Profesa kitandani, ubavu chini, juu ya godoro, kama mgonjwa. Skrini juu ya mto. Harusi yetu nimeiokota baadaye, imelowa upande wa Kahambu, mimi nimetoka mzima. Amenuna.

Umeme, ajabu, haukukatika. Jioni maji yamepungua, tumekaa kwenye stuli na miguu juu, hakuna la kufanya. Nikasema acha nipike wimbo wa kwanza. Nikabonyeza.

Haki ya Mungu, hajazimia. Maji yanaanguka mlimani, njiwa wanaruka. Benedicte anatembea juu ya mawingu na viatu vya dhahabu. Kahambu alisahau kununa.

Jumapili, Aprili 20
Pasaka. Amefufuka na bado yuko hai!

Jumanne, Aprili 22
Nyumba imekauka, nimemsimamisha tena mezani. Niliwaambia watu wote kwamba siri ni baridi ya mvua. Leo mvua inanyesha, baridi mpaka Kahambu amevaa sweta, nikabonyeza kwa majivuno mbele ya Benedicte.

Profesa amezimia kabla Benedicte hajavua kitambaa cha kichwa.

"Kwa hiyo si baridi," akasema.

"Si baridi."

"Na Pasaka imepita." Akaniangalia kama vile ningeahirisha Pasaka kidogo.

Wimbo mmoja tu umeiva. Bado tano. Mama Victoire alipita kuniuliza kama anaweza kuleta uji kwa ajili yangu, sababu nimekonda. Hajui ninachofanya, ni siri. Nimefunika skrini na kanga, ameona, amecheka. "Mtoto wangu, kama unaangalia wanawake, angalau kula kwanza."

Jumatatu, Aprili 28
Nimepata!

Opio alitoka zamu, akaja kunywa chai. Profesa alikuwa amezimia mezani. Opio alikuwa anapuliza kikombe chake, akasema tu, kama utani wake wa kila siku:

"Mtu akisimama anaanguka, ukimlaza anapona. Kwetu stesheni huyo hatumpeleki hospitali. Ni mlevi."

Nikaacha kikombe. "Afande, rudia."

"Mlevi. Ukimsimamisha..."

Sikusikia mwisho. Siku ya mafuriko alikuwa amelala! Nikafungua ubavu, nikamwacha amesimama, nikamulika tochi. Ule mpira wangu wa tairi, joto limeulainisha, umelegea kama soksi ya mzee. Kile chuma cha kupoza kinaning'inia, kimeacha prosesa, kati yao unapitisha karatasi. Feni inapiga kelele na kuzunguka, inapoza hewa tu, na prosesa inaungua peke yake. Ukimlaza Profesa, chuma kinakaa juu ya prosesa kwa uzito wake, mpira ulegee usilegee. Kumbe haikuwa virusi wala umeme wala imani. Ni mimi! Nilimfunga mtoto wangu kama godoro la boda.

Kahambu akasema, "Mwezi mzima unasugua kadi, unaombewa, unakwenda Wandegeya. Na mpira uko hapo unakuangalia."

"Wote Kampala wanafunga na mpira."

"Godoro haliwaki moto, Mumbere."

Opio alimaliza chai yake bila haraka. "Niandikie kwamba kesi imetatuliwa na polisi." Nimeandika.

Jumanne, Aprili 29
Nimepaka dawa mpya, ile nyeupe ya kati ya chuma na prosesa. Bienfait ameapa kunitafutia miguu mipya. Mpaka hapo Profesa analala kitandani, sisi tunalala kwenye mkeka. Kahambu amesema hajawahi kusikia mke mkubwa anayehamishwa na sanduku.

Jumamosi, Mei 3
Hazimii kabisa. Lakini maporomoko ni mazito. Wimbo mmoja unakula siku nzima, na umeme ukikatika katikati unaanza mwanzo. Umekatika leo. Umekatika jana. Mbili zimeiva, bado nne. Tuna muda mpaka 17, tutafika.

Ijumaa, Mei 9
Hatutafika.

Wamempigia Mama Victoire simu tena. Kuna nafasi kwenye ndege ya mapema, tarehe 13. Jumanne! Alikuja mwenyewe kutuambia, na mfuko wa nguo za kugawa. Kahambu amepewa sweta. Mimi nimepewa mwiko.

Nikauliza kama anaweza kukataa, angoje ndege yake ya kwanza.

"Miaka kumi na moja nimengoja, mtoto wangu, sasa mimi ndiye niwangojeshe? Watanifuta."

Alipotoka nilikaa kitandani kando ya Profesa. Nyimbo tatu zimeiva, bado tatu, na siku tatu. Na umeme wa hapa unaujua mwenyewe. Nikishindwa, ataondoka na nusu ya kwaya. Na zile zilizobaki ndizo zake, zile za zamani za kwetu milimani, ambazo anaanzisha akiwa amefumba macho. Benedicte alitaka zake ziive kwanza, ndivyo ilivyo.

Jumamosi, Mei 10
Umeme umekatika asubuhi na mchana. Ulipokuja nimetafuta njia ya kupunguza uzito. Nimetoa njiwa. Bado mzito. Nimetoa theluji. Bado. Nikitoa maporomoko, nyuma inabaki shuka la kijani, watu wamesimama kama wanangoja chanjo.

Ndipo nikafungua faili la asubuhi ile, mazoezi, ambalo sikuwa nimeliangalia hata siku moja. Nyimbo zote sita ziko humo. Hakuna shuka. Ni ua letu tu.

Niliangalia mpaka mwisho. Nikamwita Kahambu, naye akaangalia, mkono mdomoni.

"Benedicte atakuchinja," akasema.

"Atanichinja."

"Fanya."

Hakuna cha kuondoa, hakuna cha kuongeza, unakata na kuunga tu. Nimefuta maporomoko yote, hata yale matatu yaliyoiva, sababu huwezi kumpeleka mtu mbinguni nyimbo tatu halafu umrudishe Nateete. Profesa, amelala ubavu, amepika zote sita kabla ugali haujaiva. Sikumwambia mtu mwingine. Nimechoma dividi, nimeweka na kwenye flashi.

Jumatatu, Mei 12
Leo tumemuaga.

Opio alitoa televisheni yake nje, tukaiweka juu ya meza kwenye ua, mawingu yamejaa lakini yamevumilia. Kwaya yote imekuja, na majirani, na Mama Victoire amekalishwa kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa. Benedicte alisimama akahutubia. Alisema kuna mawingu, kuna njiwa, kuna kazi ya mikono ya wataalamu. Mimi nilikuwa nyuma ya televisheni, naangalia waya ambao haukuwa na shida yoyote.

Ikaanza. Ua letu hili hili. Kamba ya nguo na suruali ya Opio. Madumu ya njano yamepangwa ukutani. Mama Victoire na kandambili, anapiga mdundo na mwiko kwenye sufuria, anagombana na wanaume wa sauti ya besi: "Nyinyi mnaimba au mnasukuma gari?" Besi wanachekelea. Benedicte, nusu ya nywele imesukwa, nusu imesimama, anamlisha mtoto wa mtu ndizi na kuimba na mdomo umejaa. Kahambu anapita mbele ya kamera na ndoo, anaona kamera, anarudi nyuma, ndoo inamwagika. Muuza sambusa anaita barabarani, na Mama Victoire, bila kuacha wimbo, anamwonyesha na mwiko: nne.

"Mumbere!" Benedicte akaruka. "Mawingu iko wapi? Nywele zangu! Mumbere, toka nyuma ya hiyo televisheni!"

Watu wanakufa kwa kicheko. Opio amepiga magoti kwa kicheko, polisi mzima. "Afande, mkamate!" Benedicte analia. "Kwa kosa gani?" "Kwa nywele!"

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Mama Victoire. Hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, viganja magotini, karibu pua iguse kioo. Wimbo ukaisha. Watu wakaona, kicheko kikapungua, kikaisha. Nikasema moyoni, nimeharibu. Mwanamke anaondoka kesho, nimempa suruali ya polisi.

"Rudisha," akasema.

"Mama, nisamehe, hakukuwa na muda, mashine..."

"Rudisha pale muuza sambusa anaita."

Nikarudisha. Akasikiliza na macho amefumba. Akafumbua.

"Milima ya theluji huko ninakoenda nasikia iko bure, kila mtu na yake," akasema. "Hii ua, nani angenipa?"

Akaomba tena tangu mwanzo. Tukaangalia mara tatu. Mara ya tatu kwaya ilikuwa inaimba pamoja na televisheni, na Benedicte alikuja kando yangu, machozi mpaka kidevuni, akanifinya mkono kwa nguvu, kwa kweli kwa nguvu sana. "Sawa. Lakini ungenikata kuanzia shingo kwenda juu."

Jumanne, Mei 13
Ameondoka. Gari lilimchukua asubuhi. Dividi ilikuwa kwenye begi la mkononi, hakukubali iende chini na mizigo.

Jumapili, Mei 18
Bienfait ameleta miguu minne mipya. Chuma kimekaza, Profesa anasimama. Tumerudi kitandani. Kahambu anasema godoro bado lina joto upande wa Profesa.

Jumapili, Mei 25
Mvua zimeanza kupungua. Baada ya ibada simu ya Kahambu imelia: ujumbe wa sauti, Mama Victoire! Tukaita kwaya yote kwenye ua, tukaweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti iwe kubwa.

Anasema amefika, mtoto wake ni mnene, baridi inauma meno. Anasema mke wa mtoto ameangalia video, ameuliza wale wenye nguo za njano wanaosimama kimya ukutani, yale madumu yetu, ni nani. "Nikamwambia, hao ni besi." Besi wakapiga kelele, tukasahau kusikiliza, ikabidi turudishe.

Halafu akasema, "Bon, haya." Akakohoa. Na akaanza wimbo, mstari wake wa kwanza, uleule wa milimani, sauti yake yote, huko jikoni kwa watu. Akamaliza mstari, kimya.

"Mtandao umekatika," Opio akasema.

Nikainama nikaangalia ndani ya sufuria. Haujakatika, sekunde zinatembea. Nikaweka sikio, nikasikia anapumua.

Benedicte ndiye aliyeelewa. "Anatungoja, wapumbavu!"

Tukajibu, ua zima, hata Opio ambaye hajui maneno. Tulipofika mwisho wa jibu letu, mstari wake wa pili ukaingia palepale. Hakuwahi, hakuchelewa. Akanyamaza tena, na tena tukajibu.

Tumeimba hivyo mpaka wimbo ukaisha. Halafu muuza sambusa alikuwa anapita, tukamwita.